Maji Yamegoma Kutoka Shambani: Kusoma Dalili Kabla ya Kuchimba Mtaro Tabora

Mwezi wa pili, saa nne asubuhi, jua limechomoza baada ya mvua ya siku mbili. Tumbaku iliyokuwa wima jana imelegeza majani kama iliyokosa maji wiki nzima, ilhali kati ya matuta maji yamejaa. Mwenye shamba anauliza inakuwaje mmea unyauke umesimama majini. Inakuwa hivi: mizizi inapumua. Udongo ukishiba maji, hewa kidogo iliyobaki ndani yake huisha kwa siku moja au mbili, na mzizi usio na hewa hauwezi kuvuta maji hata ukiwa umezama humo. Jua likiwaka jani linadai, mzizi hauna cha kupeleka. Mahindi machanga hayavumilii zaidi ya siku mbili hadi nne katika hali hiyo. Kabla hayajafa huanza kuwa ya njano kutoka majani ya chini, na wengi hukimbilia kuongeza mbolea ya kukuzia, ambayo kwenye udongo uliojaa maji hupotelea hewani au huchukuliwa na maji.

Kazi yangu ni kupima na kusanifu mifereji ya kutolea maji mashambani, zaidi hapa Tabora na mara moja moja Kigoma. Simu ninazopigiwa karibu zote zinaanza kwa "Mtaalamu, njoo utuchimbie mtaro." Mimi huomba tuanze nyuma kidogo: maji hayo yametoka wapi? Shamba linaloshiba maji limeyapata kwa njia moja kati ya nne. Mvua imenyesha hapo hapo na haikuzama. Au maji yameteremka kutoka juu. Au yanapanda kutoka chini ya udongo. Au yamerudi kutoka kule kule ulikoyapeleka. Kila njia inaacha alama zake, na kila moja inataka mfereji wa aina yake. Nimeona vikundi vikichimba mtaro uleule mara tatu, kila mara wa kina zaidi, kwa michango ya watu wanaouza gunia la mpunga ili walipe, na maji yakabaki palepale kwa sababu chanzo kilikuwa kingine.

Jua umesimama wapi kwenye mteremko

Ardhi ya Tabora ni kama mawimbi mapana yaliyolala. Ukitembea kutoka mgongo wa wimbi hadi tumboni mwake unapita udongo mbalimbali kwa mpangilio uleule: mchanga juu, kisha udongo mgumu wenye tabaka linalozuia maji, chini kabisa mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakulima wa Kisukuma, ambao wengi wamehamia huku na mifugo yao, wana jina kwa kila hatua: isanga na luseni juu, kikungu pale penye wekundu, itogolo na ibambasi katikati, halafu mbuga. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga, ndiye aliyeupa mpangilio huu jina la katena, yaani mnyororo, katika miaka ya 1930, na elimu ya udongo duniani kote inalitumia hadi leo. Mkulima akiniambia kwenye simu kwamba shamba lake ni itogolo, nusu ya uchunguzi imekwisha kabla sijapanda pikipiki.

Jambo la pili la kujua ni maji yako yanaelekea wapi mwishoni. Ya Igombe na Ugalla huingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Ya Manonga, upande wa Nzega na Igunga, huingia Wembere, yakaenda Ziwa Kitangiri na hatimaye Eyasi, ambako hakuna pa kutokea. Upande huo chumvichumvi haina njia ya kwenda baharini, na hilo utalikuta tena hapa chini tutakapofika kwenye kingo zinazoyeyuka.

Dalili: juu ni tope, chini ni pakavu

Maji yamesimama shambani siku ya tatu baada ya mvua. Unachimba kwa jembe sentimita 30, 40, na chini ya tope unakuta udongo mkavu unaogonga kama tofali. Maji haya yamening'inia. Kuna tabaka gumu linaloyabeba.

Thibitisha kwa mashimo mawili, hatua mbili kutoka moja hadi jingine. La kwanza liwe fupi, liishie juu ya tabaka gumu, sentimita 15 au 20. La pili lipenye tabaka hilo hadi sentimita 80, lakini ulitie bomba la PVC na ushindilie mfinyanzi kulizunguka, la sivyo maji ya juu yatadondokea ndani na kukudanganya. Acha hadi kesho yake. Fupi likiwa na maji na refu likiwa kavu, tatizo ni tabaka, na mfereji wa kina hautakusaidia chochote kwa sababu kule chini hakuna maji ya kutoa.

Tabaka likiwa limetokana na plau ya ng'ombe iliyopita kina kilekile miaka yote, kwa kawaida lipo sentimita 15 hadi 20 na ni jembamba. Livunje kwa ripa, jembe la jino refu linalopasua udongo bila kuupindua, wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Ukilivunja likiwa na unyevu, ripa inakata kama kisu kwenye sabuni na mpasuko unajifunga. Tabaka la asili la itogolo ni jambo jingine, ni nene na litarudi. Hapo lima kwa matuta, yape matuta mwinamo kidogo kuelekea pembeni, na kila mfereo, ile nafasi kati ya tuta na tuta, uishie kwenye mtaro mfupi wa pamoja. Wakulima wengi wa tumbaku wana matuta mazuri sana ambayo yamezibwa miisho yote miwili. Tuta la namna hiyo ni bwawa.

Dalili: mtaro mkavu, maji yamesimama hatua tatu kando

Hii ni ya mbuga nyeusi, na ndiyo inayokula pesa nyingi. Kiangazi mbuga inapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kiwiko. Mvua za kwanza zinazama zote na mkulima anafurahi. Udongo ukivimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji hayapiti tena kwenda chini wala pembeni. Unachimba mtaro wa mita moja, maji ya juu ya ardhi yanaingia pale tu yanapoufikia kwa mteremko, na yaliyo kwenye kishimo hatua tatu kando yanabaki.

Kuna kanuni ya Mholanzi Hooghoudt ya mwaka 1940 inayosema mifereji iachane kiasi gani. Nitaifupisha kwa mfano. Tuseme unataka kutoa milimita 7 kwa siku, na unaruhusu maji yasimame nusu mita juu ya usawa wa mfereji pale katikati, na chini ya mfereji hapapitishi maji. Kwenye udongo wa kichanga unaopitisha mita 1 kwa siku, mifereji itaachana mita 12. Kwenye mbuga iliyovimba, inayopitisha labda sentimita 1 kwa siku, itaachana mita 1.2. Shamba zima lingekuwa mifereji. Kwa hiyo mtu akikuuzia mabomba ya chini ya ardhi kwa ajili ya mbuga, mwombe kwanza akuonyeshe alipima upitishaji maji wa udongo wako wapi, lini, kwenye mashimo mangapi.

Tiba ya mbuga iko juu ya uso wa ardhi. Sawazisha vishimo. Tengeneza matuta mapana yenye mfereo kati yake, mita 1.2 hadi 1.5 kutoka mfereo hadi mfereo, kama yanavyofanyika kwenye udongo mweusi wa India na Ethiopia, huko Ethiopia kwa ng'ombe wawili na jembe lililorekebishwa. Mifereo iwe na mwinamo wa sentimita 30 hadi 50 kwa kila mita 100, imwage kwenye mtaro mpana usio na kina kirefu. Na kama hapo kweli ni mbuga ya kutuama, jiulize kama zao lako si mpunga. Wenzetu wa Igunga na Nzega wanaotengeneza majaruba hawakushindwa kutoa maji, waliamua kuyatumia.

Dalili: mvua imekoma, maji yanaendelea kutoka

Mwezi wa sita umefika, kila mahali vumbi, lakini kuna mstari kando ya shamba ambapo ardhi inabonyea chini ya mguu. Ndago zimeota. Maji ni maangavu na ya baridi. Mpunga uliopandwa hapo majani yake ya chini yana madoa ya kahawia yanayoanzia ncha, shamba zima kwa mbali lina rangi ya kutu. Kwenye mtaro utaona utelezi mwekundu kama ugali wa mtama, na juu ya maji utando unaometameta kama mafuta ya taa. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo na visiungane, huo ni utando wa bakteria wa chuma. Mafuta halisi hujikusanya tena.

Hapa maji yanatoka kwenye mchanga wa juu. Mvua ilizama luseni, ikatembea polepole juu ya tabaka gumu, na pale mchanga unapokutana na mfinyanzi ikakosa njia ikatokeza. Imebeba chuma kilichoyeyuka, na chuma hicho ndicho kinachochoma mpunga.

Usichimbe mtaro katikati ya shamba. Panda juu hadi kwenye mstari wa unyevu, vuka kidogo upande wa mlima, na chimba mfereji wa kukinga unaokatisha mteremko. Kina chake hakipangwi ofisini. Unachimba hadi chepe liguse mfinyanzi na uingie ndani yake kama sentimita 15, kwa sababu mfereji unaoishia kwenye mchanga utaacha maji yapite chini ya kitako chake. Udongo unaotoka utupe upande wa chini. Nimekuta mifereji ya kukinga ambayo udongo wake umerundikwa upande wa juu, ukawa ukuta unaozuia maji ya mvua yasiingie mtaroni, halafu mvua kubwa ikauporomosha wote ndani.

Mpunga ambao tayari umechomwa, toa maji kwenye jaruba, acha udongo upate hewa siku kadhaa hadi uanze kupasuka nyuzinyuzi, kisha rudisha. Chuma kikikutana na hewa kinaganda na kuacha kuusumbua mmea. Mbolea yenye potasi nayo inausaidia mpunga kuvumilia.

Kama umekuja kiangazi na hakuna maji ya kuona, chimba shimo la mita moja na usome ukuta wake. Udongo unaopata hewa ni mwekundu au kahawia. Penye maji kila masika ni kijivu chenye madoa ya kutu. Pale ukijivu unapoanza ndipo maji hufika kila mwaka, na hakuna mwenyeji wala mhandisi anayeweza kubishana na ukuta huo.

Dalili: mtaro umejaa, maji hayaendi

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipoumia mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipelekwa na kampuni iliyoniajiri kupima bonde la mpunga wilayani Uyui. Tulikwenda mwezi wa tisa. Nilipima mita 640 kutoka shambani hadi kingo za mto, nikapata mwinamo wa kutosha, nikachora. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kikachimba. Desemba na Januari maji yalitoka vizuri, watu wakatupigia simu za shukrani. Mwezi wa tatu mto ulijaa, usawa wake ukapita mdomo wa mfereji wetu, na maji ya mto yakapanda mfereji hadi mashambani. Mpunga uliokuwa unatoa masuke ulilala majini siku tisa. Nilirudi kule, nikamsalimia mzee mmoja mchunga ng'ombe aliyekuwa amekaa kwenye kichuguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyepima hapa?"

"Ndiye."

Akanyoosha fimbo kwenye mti wa mkuyu uliokuwa nyuma yangu siku ile ya mwezi wa tisa. Kwenye panda ya mti, usawa wa kifua changu, kulikuwa na fungu la nyasi kavu, vijiti na matope yaliyoganda. "Masika ng'ombe wangu mti huu huwa wanauzunguka kwa kuogelea," alisema. "Hukuniuliza."

Tangu siku hiyo sipimi mfereji kuanzia shambani. Naanzia mdomoni. Natafuta takataka kwenye panda za miti, mstari wa tope kwenye magome, nauliza wachungaji na wavuvi wa kambale, na usawa wa juu wa mto wakati wa masika unaandikwa kabla ya kitu kingine chochote. Shamba likiwa juu ya usawa huo, mfereji utafanya kazi. Likiwa chini yake kwa wiki moja tu kwa mwaka, weka geti la kujifunga lenyewe, mlango unaoning'inia mdomoni ambao maji ya shamba yanausukuma na ya mto yanaufunga, ujue pia kwamba wiki hiyo mvua ya shambani itabaki shambani. Likiwa chini kwa miezi, kuna tuta la kuzunguka na pampu, ambavyo ni gharama ya kila mwaka, au kuna kukubali kwamba pale ni malisho ya kiangazi.

Delta ya Luiche kule Kigoma, jirani na Ujiji, inaonyesha jambo hilo kwa ukubwa wake. Mdomo wa kila mfereji pale ni Ziwa Tanganyika lenyewe. Ziwa lina mto mmoja tu wa kulipunguza, Lukuga, uliopo upande wa Kongo. Lilipopanda miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, maji ya chini ya ardhi nayo yalipanda nalo, na hakuna kuchimba kungeweza kuyashusha chini ya usawa wa ziwa.

Chanzo cha pili cha maji kutokwenda ni mwinamo uliopimwa kwa macho. Mfereji wa udongo kwa kawaida unataka mwinamo wa mita 1 kwa kila mita 1,000, yaani katika mita 600 unashuka sentimita 60 tu. Jicho halioni hilo. Kama huna levo, yaani chombo cha kupimia usawa, nunua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaotumia mafundi ujenzi, mita 20. Ujaze maji, toa mapovu yote ya hewa, mmoja ashike ncha hii kwenye kigingi na mwingine ncha ile. Maji yakitulia yatakuwa usawa mmoja kila upande, na tofauti ya urefu kutoka maji hadi ardhini ndiyo tofauti ya ardhi. Rudieni kigingi kwa kigingi. Povu moja la ukubwa wa punje ya mahindi likibaki ndani litawaharibia kipimo, kwa hiyo kila mkihama angalieni mpira wote.

Cha tatu ni kalavati. Tuta la barabara linakatisha bonde, na bomba lililo chini yake limewekwa juu mno au limejaa mchanga. Shamba lililo upande wa juu linageuka ziwa, la upande wa chini linalia ukame. Hapo usimlaumu jirani wala udongo. Pima kitako cha bomba na kitako cha mfereji wako, andika tofauti kwa sentimita, na upeleke kipimo hicho kwa wenye barabara. Barua yenye namba husomwa tofauti na malalamiko.

Dalili: mwaka wa kwanza ulifanya kazi, wa pili umeshindwa

Mara nyingi ni magugu. Milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta 20 za mbuga iliyokwisha shiba ni lita milioni 10, na ukitaka ziondoke kwa saa 24 mfereji lazima ubebe lita 116 kila sekunde. Mfereji wenye kitako cha nusu mita, maji ya kina cha sentimita 40, kingo zilizolala 1 kwa 1 (kila sentimita moja ya kina, sentimita moja pembeni) na mwinamo wa 1 kwa 1,000, ukiwa safi utabeba kama lita 138. Unatosha. Uache uote matete hadi msuguano uongezeke maradufu na utabeba lita 69. Mfereji ni uleule, upana uleule, na shamba limezama. Wanakikundi wakiniambia mfereji ni mdogo nawaomba kwanza wafyeke, tusubiri mvua moja.

Fyeka Oktoba kabla ya mvua, na tena Januari. Usiondoe nyasi za kwenye kingo hadi mizizi, hizo zinashika udongo. Kitakoni ndiko pa kusafisha.

Ng'ombe ni sababu nyingine, na Tabora ng'ombe ni wengi. Mfereji ukikatisha njia yao ya kunywa maji watautumbukia popote, na kila kwato inashusha kingo. Wape kivuko kimoja kipana, kingo zake zilazwe na zitandikwe mawe, upande wa njia yao ya siku zote. Kuweka miiba bila kivuko ni kuanzisha ugomvi na wafugaji, na ugomvi huo huishia kwenye baraza la kijiji.

Dalili: kingo zinayeyuka, mtaro unageuka korongo

Kama mteremko ni mkali, maji yanakimbia kuliko udongo unavyovumilia. Mchanga huanza kuchukuliwa maji yakizidi nusu mita kwa sekunde, mfinyanzi ulioshikana unavumilia karibu mita moja. Dondosha jani dogo mtaroni, hesabu sekunde kwa mita 10. Mwendo ukizidi, punguza mwinamo kwa ngazi za mawe, kila ngazi isizidi nusu mita, na chini yake tandika mawe pale maji yanapodondokea. Anza kujenga kutoka chini kwenda juu, kwa sababu korongo linatafuna kurudi nyuma.

Lakini ukikuta mwendo ni mdogo na bado kingo zinayeyuka kama sukari, vishimo kama vya panya vinatokea ubavuni na maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa ambayo haitulii hata ukiyaacha ndooni usiku kucha, huo ni udongo wa magadi, yaani uliozidiwa na chumvi ya sodiamu. Ibambasi mara nyingi iko hivi, hasa upande wa Igunga. Chukua bonge la udongo mkavu lenye ukubwa wa njegere, liweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Rudi baada ya saa mbili. Likibomoka tu, si kitu. Likizungukwa na wingu jeupe kama moshi, sodiamu imezidi. Tumia maji ya mvua kweli, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi yataficha wingu hilo.

Udongo wa namna hii usiukate kina. Kila sentimita unayoshuka unafungua tabaka bovu zaidi. Fanya mtaro mpana wenye kina cha futi moja, kingo zilizolala sana, nyasi kila mahali. Jasi, madini yenye kalisi (kalsiamu), inautibu kwa kubadilisha sodiamu na kalisi, na jasi inachimbwa Itigi, hapo hapo kwenye reli ya kati, kwa hiyo kwa Tabora si bidhaa ya mbali. Ila kiasi chake kipimwe maabara, na lazima pawe na njia ya maji kuondoka na sodiamu iliyobanduliwa. Jasi bila mfereji inaihamisha sodiamu hatua moja tu.

Ukiamua kumlipa mhandisi

Mwite masika. Najua barabara ni mbovu na wengi wetu tunapenda kuja Agosti. Sisitiza aje angalau siku moja kati ya Januari na Machi, atembee na viatu vya mvua, apige vigingi pale maji yanapoishia. Upimaji kamili na uchimbaji vitafuata Juni hadi Oktoba.

Kwenye mkataba iandikwe atakachokukabidhi: usawa wa ardhi wa shamba zima pamoja na eneo la juu linalomwagia shamba, maelezo ya mashimo ya udongo aliyochimba, usawa wa mto wakati wa masika na jinsi alivyoujua, mchoro wa mwinamo wa kila mfereji kutoka mdomoni, na hesabu ya maji. Mchoro usio na usawa wa mdomo urudishe. Hakikisha pia amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Vibali navyo vipo. Shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa zinazuiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hivyo mdomo wa mfereji unahitaji mazungumzo mapema na Bodi ya Maji ya Bonde. Maji yanayokwenda Malagarasi yako chini ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yanayokwenda Wembere yako chini ya Bonde la Kati. Skimu ya umwagiliaji ihusishe Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Na ukiwa jirani na ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, usiguse kabla ya kuuliza. Bonde lile linashika maji ya masika na kuyaachia kiangazi, na samaki na ng'ombe wa wilaya kadhaa wanaishi kwa hilo.

Dalili: sasa shamba linakauka

Hii huja mwaka wa pili au wa tatu, baada ya mfereji kufanya kazi vizuri mno. Majaruba hayashiki maji wiki moja bila mvua, visima vya mikono jirani vimeshuka, mbuga inapasuka Aprili. Mtu wa shamba la chini yako naye anapata kwa saa sita mafuriko aliyokuwa akiyapata kwa siku mbili.

Usifukie. Jenga kizuizi kwenye mfereji kila pale ardhi inaposhuka sentimita 20 au 30: nguzo mbili za zege au matofali ya kuchoma zenye mfereo ubavuni, na mbao zinazoshuka humo moja juu ya nyingine, tope likiziba nyufa. Mpunga ukiwa mchanga weka mbao moja. Ukianza kubeba mimba, masuke yakivimba ndani ya shina, weka zote. Siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna toa zote, kuanzia kizuizi cha chini kabisa kwenda juu, na umwambie jirani wa chini siku moja kabla. Mbao ziandikwe namba kwa rangi na zikae nyumbani kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa sababu mbao iliyoachwa mtaroni kiangazi hugeuka kuni.